Paa la Mgodi Lipimwe Kabla Halijaanguka

Machimbo ya dhahabu ya Migori, nchini Kenya, huua kwa namna inayojirudia. Masika yakikolea, udongo hulewa maji, ukuta wa shimo huachia, na waliokuwa chini hufukiwa. Baada ya mazishi lawama hugawanywa upesi: mvua, tamaa ya wachimbaji, uzembe wa wakaguzi. Zote zina ukweli ndani yake. Lipo hata hivyo jambo lisilotajwa sana, nalo ni kwamba mchimbaji anayeteremka shimoni huko Nyatike, ndani ya Migori, mara nyingi hajui kilichopo juu ya dari anayochimba chini yake. Huenda mita chache juu yake pana njia iliyochimbwa na watu wengine, enzi nyingine, ikaachwa bila kujazwa wala kuandikwa popote. Kifaa cha kuipima dari hiyo kutoka chini, bila kuitoboa na bila kulipua chochote, kimekwisha kuundwa, na siku hizi ni kidogo cha kutosha kubebwa na watu wawili. Hoja yangu ni kwamba kifaa hicho kina kazi moja ya maana katika machimbo ya Migori, yaani kuyapata mashimo yaliyosahaulika. Kinaponadiwa kwa kazi nyingine mbili, kutafuta dhahabu na kuokoa waliofukiwa, wanaonadiwa wana haki ya kukataa.

Macalder ndipo mahali pa kuanzia. Mgodi huo ulioko Nyatike ulianza kuchimbwa enzi za ukoloni, katika miaka ya 1930, kisha ukawa mgodi wa shaba uliotoa pia dhahabu, fedha na zinki, hadi ulipofungwa katika miaka ya 1960. Kampuni iliondoka, njia za chini zikabaki. Wachimbaji wadogo wakaingia, kwanza pembezoni, halafu ndani kabisa, wakifuata mishipa ya mawe ambayo kampuni iliiona haina faida. Kila kundi lilichimba shimo lake, likaenda kombo chini ya ardhi kufuata dhahabu, likakutana na maji au likaishiwa fedha, likahama. Shimo lililoachwa huzibwa mdomo kwa matawi na kifusi, nyasi huota, na baada ya misimu michache hakuna anayeweza kuonyesha kwa uhakika lilipokuwa. Hivyo ardhi imejaa matundu ambayo ramani yake ilikuwa vichwani mwa watu waliokwisha kutawanyika. Anayekuja leo na mtaimbo wake hachimbi mwamba mzima, ijapokuwa kwa macho unaonekana mzima.

Usahaulifu wa namna hii si ugonjwa wa maskini peke yao. Tarehe 28 Aprili 1953, huko Swinton karibu na Manchester, nchini Uingereza, njia ya reli ya chini ya ardhi iitwayo Clifton Hall iliporomoka na nyumba zilizokuwa juu yake zikamezwa. Watu 5 walikufa. Chanzo kilikuwa shimo la wima lililochimbwa wakati njia ile inajengwa katika karne ya 19, likajazwa kifusi, kisha likasahauliwa hata na wenye reli, ambao ni watu wa kuhifadhi karatasi. Wakazi walijenga na kulala juu ya shimo wasilolijua. Tangu hapo Waingereza wamekuwa wakihangaika na swali lilelile: juu ya dari za njia zao kongwe kuna mashimo mangapi mengine? Katika miaka ya karibuni timu ya wanafizikia wa vyuo vyao ilipeleka kigunduzi cha myuoni, kifaa nilichokitaja mwanzoni, ndani ya njia ya zamani ya Alfreton, mkoani Derbyshire, wakakisogeza hatua kwa hatua kikitazama juu, wakapata dalili za uwazi uliofichika juu ya matofali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Tofauti kati ya Alfreton na Macalder ni kubwa kwa mambo mengi, lakini swali ni moja.

Myuoni ni chembe ndogo inayofanana na elektroni, ila uzito wake ni mara 207 ya elektroni. Zinazotumika hapa hazitengenezwi na mashine. Miale yenye nguvu kutoka anga za mbali huigonga hewa kilomita 15 hivi juu yetu, na katika vurugu za mgongano huo myuoni huzaliwa na kushuka kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Victor Hess ndiye aliyethibitisha mwaka 1912, akiwa ndani ya puto, kwamba miale hiyo inatoka juu na si ardhini. Carl Anderson na Seth Neddermeyer wakaitambua myuoni yenyewe mwaka 1936. Kiganja kilichokunjuliwa hupitiwa na myuoni moja hivi kila sekunde, usiku na mchana, Migori sawa na Mombasa. Hii ndiyo sababu hofu ya mionzi, ambayo huibuka mara tu neno fizikia linapotajwa kijijini, haina msingi hapa. Kigunduzi hakitoi kitu. Kinahesabu kile ambacho kingepita hata kama kisingekuwepo.

Kuhesabu huko kunageuka kuwa picha kwa sababu mwamba huzilipisha chembe hizi ushuru. Kila mita ya jiwe hupunguza nguvu ya myuoni kwa kiasi kinachojulikana. Yenye nguvu za wastani huishiwa baada ya mita 7 au 8. Yenye nguvu mara kumi zaidi hufika mita 60 hivi. Basi ukiwa ndani ya njia ya mgodi na ukihesabu ngapi zinafika kutoka kila upande wa juu, upande wenye mwamba mzito utaleta chache na upande wenye tundu utaleta nyingi. Ndani ya sanduku la kigunduzi mna tabaka kadhaa za vipande vya plastiki maalumu ambavyo hutoa cheche ya mwanga vikipitiwa na chembe, na pembeni ya kila kipande kuna kihisi kinachonasa cheche hiyo. Myuoni ikigusa tabaka la juu, la kati na la chini karibu kwa wakati mmoja, alama tatu zinaunganishwa kuwa mstari, na mstari huo unasema chembe imetoka wapi. Mistari elfu kadhaa ikishakusanywa, dari inaanza kujichora. Kinachopimwa ni unene wa mwamba na uzito wake kwa pamoja, havitenganishwi. Kwa hiyo lazima wapimaji wa ardhi walipime kwanza umbo la uso wa juu, na kigunduzi kisogezwe mahali zaidi ya pamoja ili kujua tundu liko kina gani.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1955 E. P. George alipeleka vihesabu vya mionzi ndani ya njia ya maji milimani Snowy, Australia, akakadiria uzito wa mwamba uliokuwa juu yake. Miaka ya 1960 Luis Alvarez aliweka vyombo vyake ndani ya piramidi ya Khafre nchini Misri kutafuta vyumba vya siri. Alitangaza mwaka 1970 kwamba katika sehemu aliyoichunguza hakuna. Mwaka 2017 timu ya Wajapani, Wafaransa na Wamisri ilitangaza uwazi wa angalau mita 30 ndani ya piramidi ya Khufu, na mwaka 2023 ujia mwingine wa mita 9 hivi, uliogunduliwa kwa njia hiyohiyo, ukaonekana kwa macho baada ya kamera nyembamba kupenyezwa kati ya mawe. Magazeti hupenda sana piramidi. Kwa mchimbaji wa Nyatike, hata hivyo, kazi iliyofanywa Tuscany, nchini Italia, ina thamani kubwa kuliko piramidi zote. Huko kuna mgodi wa kale wa shaba uitwao Temperino, uliochimbwa tangu enzi za Waetruski, na watafiti wa Florence waliingiza ndani yake kigunduzi cha mchemraba wa nusu mita hivi kinachotumia wati 30 hivi za umeme, kiasi ambacho paneli ya sola na betri ya gari vinaweza kukibeba. Walitafuta matundu yasiyojulikana juu ya njia za mgodi, wakayapata. Mgodi wa shaba, njia kongwe, matundu yasiyoandikwa: Macalder ni hivyo hivyo.

Ufinyu wa mahali ndio uliowasumbua wahandisi kwa muda mrefu. Vigunduzi vya zamani vilijaza chumba, na vile vya gesi vilihitaji mitungi inayopuliza gesi mpya bila kukoma, jambo la hatari ndani ya shimo lisilo na hewa ya kutosha. Chuo Kikuu cha Louvain, nchini Ubelgiji, kilishughulikia hasa tatizo hili kwa kuunda kigunduzi kidogo ambacho gesi yake hufungiwa ndani mara moja na kukaa bila mtungi. Njia nyingine ni filamu za picha za aina maalumu, ambazo hazihitaji umeme kabisa. Ndizo zilizofichua chumba cha makaburi ya Wagiriki chini ya mitaa ya Napoli, habari iliyochapishwa mwaka 2023. Kwa joto na unyevu wa Nyatike, filamu zingeharibika upesi. Plastiki ndani ya sanduku lililozibwa ndiyo ningeichagua.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo ahadi nyingi hufia. Chukua kigunduzi chenye upana wa sentimita 40 kwa 40. Kikiwa nje kwenye uwanja hupitiwa na myuoni 1,600 hivi kwa dakika. Kiteremshe chini ya mita 30 za mwamba, na zitabaki 2 au 3 kati ya kila 100, tena si zote zitakazopita tabaka zote. Tuseme 15 kwa dakika ndizo zenye mstari unaosomeka, sawa na 21,600 kwa siku. Ukiligawa anga la juu katika mielekeo 50, kila mwelekeo unapata 430 hivi kwa siku. Tundu kavu la kimo cha mita 2 huongeza idadi hiyo kwa karibu moja ya nane, yaani chembe 50 na kitu, lakini bahati tupu peke yake huweza kuipandisha au kuishusha kwa 20 hivi. Siku moja, basi, inakupa shaka; siku 5 zinakupa jibu ambalo mtu anaweza kulisimamia. Tundu likiwa limejaa maji, kama yalivyo mengi ya mashimo yaliyoachwa karibu na mto Kuja, tofauti hupungua kwa sababu maji nayo yana uzito, na siku 5 zinakuwa 12 au 13. Likijaa kifusi, muda unarefuka zaidi. Ni makadirio ya karatasini, lakini ukubwa wake hautabadilika sana shimoni.

Kutokana na hesabu hiyo linaanguka lile dai la uokoaji. Mtu aliyefukiwa hana wiki. Hata angekuwa nayo, mwili wa binadamu ni mdogo mno kuonekana ndani ya mita 30 za mawe, na tena myuoni hutoka juu tu, hivyo kigunduzi huona kilicho juu yake na hakioni hata kidogo kilicho chini. Ili kumtafuta aliyefukiwa ingebidi mashine iwe chini yake, yaani waokoaji wawe wameshampita. Siku ya maafa kinachohitajika ni pampu za maji, feni za hewa, kamba, winchi na watu wanaojua kuzitumia. Kaunti itakayonunua kigunduzi badala ya pampu itakuwa imefanya makosa.

Dai la dhahabu halina afya zaidi. Dhahabu ya Migori imo ndani ya mawe kwa gramu chache katika tani nzima, na gramu hizo haziongezi uzito wa mwamba kwa kiasi ambacho myuoni inaweza kukihisi. Atakayefika Macalder na sanduku akisema linaona dhahabu ni tapeli, hata akiwa na shahada. Kinachoonekana ni rundo kubwa la madini ya salfaidi, mawe mazito yenye shaba na zinki. Huko Myra Falls, kisiwani Vancouver, nchini Kanada, timu ya Douglas Bryman ilionyesha kwamba rundo la aina hiyo linatambulika kwa myuoni, na Macalder ni ya jamii moja na Myra Falls: madini yaliyojikusanya karibu na chemchemi za moto chini ya bahari za kale. Hilo linaweza kuzipendeza kampuni. Kwa mchimbaji mdogo lina faida ya namna nyingine, ambayo inajitokeza tunapokuja kwenye pingamizi zito kuliko yote.

Pingamizi lenyewe ni hili: mbona kuhangaika na chembe za angani ilhali kuna mbinu rahisi za kupima ardhi kutoka juu? Ni swali la haki. Kenya ina wataalamu wengi wa kupima jinsi ardhi inavyopitisha umeme. Ndio wanaowaonyesha wachimba visima mahali pa kutoboa, na ndio waliofuatilia mvuke wa Olkaria. Kazi yao ni ya siku moja mbili na gharama yake inajulikana. Rada ya ardhini nayo ni nyepesi kubeba, ingawa udongo wa mfinyanzi wenye maji huimeza kabla haijafika mbali, na sehemu kubwa ya Nyatike ina udongo huo. Nakubali kwamba mbinu ya umeme itangulie kila mahali. Lakini huko Macalder ina upofu wake. Njia ya zamani iliyojaa maji machafu ya mgodi hupitisha umeme vizuri. Salfaidi nazo hupitisha umeme vizuri. Kwenye ramani ya mpimaji zote mbili hujitokeza kama doa la rangi moja, na mtu anaweza kuambiwa kuna madini mahali penye ziwa la chini kwa chini, akalitoboa akiwa chini yake. Myuoni haidanganyiki hapo, kwa kuwa moja ya vitu hivyo ni kizito kuliko mwamba na kingine ni chepesi. Doa linalopitisha umeme na kupitisha myuoni nyingi ni maji; linalopitisha umeme na kuzuia myuoni ni madini. Hakuna haja ya kupima Nyatike yote kwa kigunduzi. Kipelekwe kwenye madoa yenye utata.

Wapo watakaosema ramani kama hiyo itakuwa mwaliko: ukionyesha watu zilipo njia za zamani, watazikimbilia, kwani kampuni huacha nguzo za mwamba wenye madini ili kuzuia dari, na nguzo hizo ndizo humtamanisha mchimbaji. Hofu hii siidharau. Nguzo zimekwisha kuliwa katika migodi mingi kongwe duniani, na waliozila walijua wanachofanya. Ila kuficha ramani hakujamzuia mtu hadi sasa. Wanaotafuta nguzo huzipata kwa kupapasa. Wanaokufa bila kujua ni wale wanaochimba jirani. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imeweka kamati ya wachimbaji wadogo katika kila kaunti na utaratibu wa vibali, kwa hiyo mahali pa kuitumia ramani papo tayari: asiyejua kilicho juu ya eneo aliloomba asipewe kibali cha kwenda chini, na walio na kibali waelezwe kwa Kijaluo na Kiswahili, ubaoni penye machimbo, upande upi una tundu. Ramani ikifungiwa kabatini Nairobi haitamfaa yeyote.

Hatari ya kweli zaidi, kwa maoni yangu, ni uhakika wa uongo. Kigunduzi kikisema dari ni nzima, mchimbaji anaweza kuacha kuweka magogo ya kuishikilia, na mwamba mzima nao huanguka: hupasuka, hulegezwa na maji, hutikiswa na baruti. Myuoni haioni ufa wa unene wa kidole. Magogo ya kushikilia kuta, ngazi imara, shimo la pili la kupitishia hewa, na kutochimba wakati wa mvua kubwa ni mambo ya bei nafuu yanayookoa watu leo, na kaunti isiyoweza kuyasimamia haya haijawa tayari kwa fizikia. Mashine iongezwe juu ya hayo, isiyachukulie nafasi.

Gharama, basi, ni ya nani? Si ya mchimbaji. Kigunduzi kamili cha kiwango cha utafiti hugharimu maelfu mengi ya dola, na kinahitaji watu wa kukisoma. Ndiyo maana ningependa kianzie vyuoni. Chuo Kikuu cha Rongo kiko Migori kwenyewe, na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kiko Homa Bay. Wanafunzi wanaweza kuanza na kigunduzi cha CosmicWatch, kilichobuniwa katika chuo cha MIT, nchini Marekani, na watu wakiwemo Spencer Axani na Janet Conrad, ambacho vifaa vyake hugharimu dola 100 hivi. Ni kipande kimoja cha plastiki na kihisi kimoja, hakichori picha, lakini ukivipanga kadhaa unajifunza kila kitu isipokuwa uchovu wa kubeba. Kuna mtego mmoja wa kienyeji ambao wanafunzi wa huko wataukuta mapema kuliko wenzao wa Ulaya. Mawe ya kabonatiti ya milima ya Ruri, Homa Bay, yana thoriamu, na mionzi ya asili ya eneo hilo ni mikubwa kuliko wastani wa dunia. Kipande kimoja cha plastiki kitaihesabu mionzi hiyo kana kwamba ni myuoni. Vipande vitatu vinavyotakiwa kuwaka pamoja havitahadaika, kwa sababu mionzi ya jiwe huishia kwenye kipande kimoja na myuoni hupita vyote. Anayelijua hilo kwa kulishuhudia hatalisahau akiwa shimoni.

Mafunzo yenyewe yana uwanja mzuri kando ya mji wa Homa Bay: kilima cha Asego, chenye kilele kilichochongoka, kinachosimama peke yake karibu na ziwa. Wajapani hutazama ndani ya volkano kwa kuweka kigunduzi miguuni pa mlima na kukielekeza ubavuni, kwenye myuoni chache zinazokuja kwa mlalo, na Asego kinaweza kupimwa vivyo hivyo bila mtu yeyote kuingia chini ya ardhi. Umbo lake wapimaji wa ardhi wanaweza kulichora kwa usahihi, hivyo unene wa mwamba kwenye kila mstari utajulikana kabla ya kuhesabu. Kigunduzi kikae hapo mwezi mmoja au zaidi, halafu hesabu yake ilinganishwe na ile ya wapimaji. Zikitofautiana bila sababu inayoeleweka, kirudi maabara. Zikipatana, kipakiwe kwenye gari kipelekwe Nyatike, kiteremshwe kwanza katika njia ambayo wachimbaji wenyewe wanajua kuna tundu juu yake, kuona kama kitaliona.